Shuka Penye Sinema

Stesheni imeandikwa Semarghat, lakini Semarghat haipo.
Kuna benchi la saruji, bomba linalodondoka, mbuzi wanne,
na karani aliyevaa sweta juu ya suruali ya kulalia
akinitazama kama barua iliyokosea anwani.
"Mji uko kilomita kumi na moja," anasema,
na kidole chake kinaonyesha ukungu.

Wanasimulia kwamba reli ilipokuja
bwana mmoja mwenye ardhi aliikataa:
moshi ungechafua nguo za wakeze kwenye kamba.
Bwana alikufa. Wake wakafa. Nguo zikawa matambara,
nasi mpaka leo tunazilipia nauli.

Bajaji ni ya Halkai, mtu wa masharubu na maneno machache.
Abiria mwenzangu ni tarumbeta la bendi ya harusi,
kubwa kama ndama, limefungwa blanketi,
nalo limepewa upande usio na upepo.
Mimi nashikilia chuma na kuhesabu mashamba ya haradali,
manjano, manjano, kisha tanuri la matofali, kisha manjano tena.

Kihindi changu kina maneno arobaini,
idadi ya maradhi ya mwarobaini,
ila changu hakijatibu hata moja.
Namwambia: nyumba ya wageni, ya mama Jagrani.
"Rahisi," anasema Halkai. "Shuka penye sinema,
kata kushoto kwenye mwarobaini,
ukimpita daktari umefika."

Nikashuka. Hapakuwa na sinema.
Palikuwa na uwanja, marundo ya samadi yakikauka,
na mvulana akiuza vifuniko vya simu juu ya kitanda cha kamba.
Sinema ilibomolewa mwaka aliozaliwa binti wa Halkai,
na binti huyo sasa ana mume huko Sagar.
Mwarobaini ulikatwa barabara ilipopanuliwa.
Daktari alihama; mlangoni pake panauzwa pumba,
na watu bado huja na vikohozi vyao.
Muuza pumba, asiyependa ubishi, ameweka chupa ya asali.

Nilikuwa na ramani mfukoni.
Ilikuwa ya kweli kabisa na haikunifaa kitu.

Jagrani ni mjane, ana funguo kiunoni na maswali:
Una watoto wangapi? Viatu hivi bei gani?
Nani anakupikia huko kwenu, na kwa nini amekuachia uje?
Alinipa chumba cha juu, ndoo ya maji ya moto,
na onyo kuhusu tumbili mmoja, ambaye ana jina
lakini halitajwi usiku.

Mji wenyewe unaumaliza kabla chai haijapoa,
tatizo ni kwamba hawakuachi uache chai ipoe.
Kila duka linakuvutia kigoda.
Fundi cherehani, muuza kufuli, babu wa mizani:
hatua ishirini, kikombe, hatua ishirini, kikombe.
Siku ya kwanza nilikwenda kuona bwawa la kale, sikulifikia.
Siku ya pili pia.
Siku ya tatu nililiona kwa mbali, nimebanwa mkojo,
lilikuwa zuri sana.

Nikarudi stesheni. Treni imechelewa saa nne.
Karani, sweta lilelile, akasogeza benchi hatua moja kwenye jua.
"Ulifika?"
"Nilifika."
"Mji upo?"
Nikadhani ananitania. Hakuwa akitania.
Huu ni mwaka wake wa sita hapa, kwao ni Orissa;
siku ya mapumziko hupanda treni kwenda upande mwingine,
na kilomita kumi na moja anaziona ni nyingi kwa mguu, chache kwa safari.

"Nenda," nikamwambia. "Mwambie Halkai akushushe penye sinema."

Mbuzi waliinuka; reli ilikuwa imeanza kuimba.
Karani akatoa kalamu nyuma ya sikio,
akageuza kiganja apate pa kuandika.
"Sinema," alisema. "Inaonyesha picha gani wiki hii?"